Kutahiriwa ukubwani: mwongozo kamili wa kuuguza kidonda nyumbani, kwa sisi wa nyanda za baridi

Siku ya 16 niliamka sina maumivu hata kidogo. Ilikuwa mwezi wa saba, Makambako mkoani Njombe, upepo wetu ule wa kukata masikio, na oda ya milango sita ilikuwa imelala karakana. Nikajiona mzima. Nikanyanyua ubao wa kwanza, nikanyanyua wa pili. Wa tatu nikasikia kitu kikivutika huko chini, kisha unyevunyevu kwenye boksa. Damu haikuwa nyingi, ila kidonda kilichokuwa kimeshikana kilikuwa kimeachia upande mmoja. Nikarudi kliniki nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu cha mama.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachotaka kukuambia. Kumtahiri mtu mzima huchukua kama nusu saa, na kazi hiyo anaifanya aliyeisomea. Wiki sita zinazofuata ni zako wewe na watu wa nyumbani kwako. Wiki ya kwanza haina shida sana: unaumwa, kwa hiyo unatulia. Zinazowaangusha wanaume ni ya pili na ya tatu, maumivu yakishaondoka huku kidonda kikiwa bado kidonda.

Kwa wengi wetu huku jambo hili limekuja ukubwani. Wabena, Wahehe, Wakinga, Wanyakyusa, babu zetu hawakuwa watu wa jando kama jirani zetu Wagogo. Mpango wa kitaifa wa tohara ya hiari ya kitabibu ulipoanza mwaka 2010, Iringa (Njombe ikiwa bado ndani yake) na Mbeya zilikuwa kati ya mikoa iliyolengwa mwanzo, kwa sababu waliotahiriwa walikuwa wachache na maambukizi ya VVU yalikuwa juu. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta VVU kwa asilimia 11.4 ya watu wazima Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Ndiyo maana kwenye benchi la kliniki unaweza kukaa kati ya kijana wa kidato cha nne na mzee mwenye wajukuu, na hakuna wa kumcheka mwenzake. Wote mtatoka na mwendo uleule.

Kabla ya siku yenyewe

Andaa nyumba mapema, maana ukirudi hutataka kutumwa dukani.

Nunua boksa tatu za pamba, zenye kushika bila kukaba. Wengi hukimbilia bukta pana wakidhani kidonda kinataka nafasi. Sivyo. Uume ukining'inia, unavimba. Unatakiwa uelekezwe juu, kichwa kikitazama kitovu, boksa iushikilie hapo usiku na mchana kwa wiki moja mpaka mbili za mwanzo. Juu ya boksa ndipo uvae suruali pana, au ukiwa ndani ujifunge shuka. Wazee wa Kihehe na mgolole wao wangeuguza kidonda hiki kwa raha kuliko sisi wa jinzi.

Tafuta kopo au ndoo ndogo yenye mfuniko. Choo chetu wengi kiko nje, na saa nane za usiku mwezi wa sita huko Njombe au Makete umande unakaribia kuwa barafu. Hutataka kutoka.

Nunua kipande kipya cha sabuni ya kawaida ya kuogea, isiyo na manukato makali, kisha ficha kiwe chako peke yako. Uwe na parasetamoli ndani. Hakikisha namba ya simu ya kliniki imo kwenye simu yako na kwenye simu ya mtu mwingine pale nyumbani.

Kwa mhudumu, usione haya. Mwambie kama una kisukari, kama ukijikata damu huchelewa kuganda, kama unatumia aspirini au dawa yoyote ya kila siku, kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru. Uliza habari ya chanjo ya pepopunda na lini unatakiwa kurudi. Siku hizo za kurudi ziandike. Kwa kawaida ni saa 48 baada ya upasuaji, halafu siku ya saba, halafu kuelekea wiki ya sita.

Na ongea na mwenzako kabla. Wiki sita bila tendo la ndoa si jambo la kumtangazia mtu usiku wa tano. Mke wangu aliposikia aliuliza swali moja tu, "Una hakika utaweza wewe?", halafu akachukua kalamu akazungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Msimu? Watu wetu wanapenda kufanyiwa Juni hadi Agosti, wakiamini baridi huponya kidonda. Baridi haiponyi. Ila miezi hiyo jasho ni kidogo na mahindi mengi yameshavunwa, kwa hiyo mtu ana nafasi ya kulala. Sababu hiyo inatosha.

Siku ya kwanza: kutoka kliniki mpaka kitandani

Usiondoke haraka. Kaa pale kama nusu saa, wakuangalie bandeji, usikie kama kichwa kinazunguka. Ganzi itaanza kukuachia baada ya saa moja au chache, na kosa la wageni wa mambo haya ni kusubiri maumivu yafike ndipo wameze dawa. Meza mapema, ganzi ikiwa bado inafanya kazi. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita mpaka nane, na visizidi vinane kwa siku nzima. Angalia usichanganye na dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Diklofenaki na ndugu zake si za kila mtu, hasa mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo, kwa hiyo meza kama umeandikiwa. Aspirini iache kabisa, inazuia damu kuganda.

Usafiri: bodaboda hapana. Najua ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayofika mlangoni, lakini kupanua miguu juu ya siti, kisha tuta, kisha shimo, kisha tuta lingine, ni kutafuta damu. Panda gari au bajaji, umwambie dereva ukweli, aende taratibu. Kama unatoka Njombe mjini kwenda kijijini ndanindani, afadhali ulale kwa ndugu mjini siku mbili mpaka bandeji itolewe.

Ukifika, lala chali, mto chini ya magoti. Kula chakula chako cha kawaida. Kuna wanaokataza maharage, mayai au chumvi. Sijapata daktari aliyeniunga mkono kwenye hayo, na mwili unaojenga nyama mpya unataka hayo mayai na hayo maharage. Kula na mboga za majani na parachichi, upate choo laini, maana kujikamua chooni kunauma zaidi ya unavyodhani. Kunywa maji. Kuna mtu hujinyima maji ili asikojoe mara kwa mara, kisha mkojo unakuwa mzito na unachoma maradufu ukigusa kidonda.

Mkojo wa kwanza unatisha kwa hofu tu. Kojoa ukielekeza mbele bandeji isilowe. Lakini ukikaa saa sita mpaka nane hujaweza kukojoa na kibofu kimejaa, bandeji inaweza kuwa imekaza mno. Hapo usisubiri asubuhi, rudi.

Usiku

Usiku ndipo watu hawakuambii ukweli. Mwanaume mzima husimamisha mara kadhaa akiwa usingizini, anaota au haoti, na kidonda hakizuii hilo. Usiku wa pili nilidhani nyuzi zote zimekatika. Hazikuwa zimekatika. Zinashonwa kwa kujua kwamba jambo hilo litatokea. Fanya hivi: amka, kojoa, simama, tembea chumbani hatua ishirini hivi, pumua taratibu, fikiria madeni. Ukirudi, lala ubavu na magoti umeyakunja. Kukojoa kabla ya kulala kunapunguza. Kama mnalala kitanda kimoja, wiki ya kwanza mwenzako alale na watoto. Hajakosa kitu, anakusaidia.

Halafu jiko. Baridi ikizidi, mtu wa nyumbani kwa huruma atakuletea jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Mkataze. Moshi wa mkaa usioonekana huua watu usingizini, na wewe uliyemeza dawa na kuchoka hutaamka kuulalamikia. Ongezeni blanketi. Jiko liotwe nje au sebuleni mlango ukiwa wazi, kisha litolewe kabla ya kulala. Chupa ya maji moto weka miguuni, mbali na kidonda, kwa kuwa ganzi ikiwa haijaisha utajiunguza bila kujua.

Saa 48: bandeji

Mpaka hapo bandeji ibaki kavu. Jifute mwili kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, usijimwagie. Doa la damu lenye ukubwa wa sarafu ambalo halikui si habari. Baridi inaweza kuusinyaza uume bandeji ikalegea. Ikichomoka yenyewe, usijifungie tena kwa kitambaa chochote kilicho karibu wala usikaze kwa mpira. Funika kwa bandeji safi bila kubana, kisha wahi kliniki.

Itolewe na mhudumu. Ikiwa umeambiwa utoe mwenyewe, au uko mbali na barabara imekatika, chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, mwagia kidogokidogo mpaka damu iliyokauka ilainike, kisha fungua polepole. Inaweza kuchukua dakika 15. Ukivuta kavu utavuta na nyama.

Sasa jiandae kwa unachokwenda kukiona. Kimevimba. Chini ya mstari wa nyuzi kuna kipete cha uvimbe, pengine kuna weusi wa damu iliyovilia, na kichwa kinawasha au kinashtuka kikiguswa na nguo kwa sababu maisha yake yote kilikuwa kimefunikwa. Yote hayo ni ya kawaida. Uvimbe hupungua kwa wiki kadhaa, mshtuko nao huzoeleka.

Kuosha, na mambo ya kutopaka

Bandeji ikishatoka, osha mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Anza na mikono yako, kwa sabuni. Kisha maji safi na sabuni kidogo kiganjani, pitisha juu ya kidonda bila kusugua, suuza, gusisha kitambaa safi mpaka kikauke. Usifute, gusisha. Vaa boksa safi. Boksa zifuliwe, zianikwe juani, na ukiweza zipigwe pasi. Hapa Septemba hadi Novemba vumbi letu jekundu linapanda kila mahali, kwa hiyo usianike chini wala kwenye majani. Kukaa kwenye beseni la maji, kuogelea mtoni au bwawani, bado.

Hiyo ndiyo dawa yote ya kidonda kisicho na tatizo: maji, sabuni, ukavu. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, udongo, majani aliyotafuna mjomba, dawa ya meno, mafuta ya breki (nimesikia kwa masikio yangu), vyote vikae mbali. Vijidudu vya pepopunda viko kwenye udongo na samadi, na pepopunda inaua. Spiriti nayo hapana, inaunguza nyama changa. Unga wa kidonge cha antibayotiki kilichopasuliwa na kunyunyiziwa juu, kama tulivyozoea kuwafanyia watoto magotini, unatengeneza gamba linaloficha usaha. Antibayotiki za kumeza nazo usijinunulie. Mhudumu akiona zinahitajika ataandika.

Kati ya siku ya tatu na ya kumi utaona utando wa njano-nyeupe kandokando ya nyuzi au kwenye kichwa. Mimi nilitaka kuubandua kwa kucha. Ni kidonda kinajitengeneza. Usaha ni kitu kingine: ni mzito, unatoka ukibonyezwa, unanuka, na ngozi iliyo pembeni ni nyekundu, ya moto, inauma zaidi leo kuliko jana.

Nyuzi huyeyuka na kudondoka zenyewe kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Usizivute, hata ule mmoja unaokukwaruza.

Rudi hospitali saa yoyote, hata usiku, ukiona:

- damu inayolowesha bandeji au boksa. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kufunua kuchungulia. Ikiendelea, nenda huku umebonyeza
- hukojoi, au mkojo unatoka tone moja moja
- kichwa cha uume kimekuwa cheusi, cha baridi au hakina hisia ganzi ikiwa imeshaisha
- usaha, harufu, wekundu unaopanda kuelekea tumboni, au uvimbe unaokua badala ya kupungua
- homa. Upime malaria, hasa kama umetoka Kyela au Usangu karibuni, lakini hata kipimo kikisema ni malaria, kidonda nacho kiangaliwe siku hiyohiyo
- taya kukaza, shingo kukakamaa, misuli kushtuka. Hiyo ni pepopunda mpaka daktari aseme vingine

Usipoteze siku kwa mganga wala kwa duka la dawa. Kidonda kikiwahiwa hutibika, mara nyingi kwa usafi na vidonge tu.

Wiki ya pili na ya tatu, zile zilizoniangusha

Karani, mwalimu, mwenye duka: siku mbili tatu zinatosha kurudi kazini, ukikaa na kusimama kwa zamu. Mtu wa kazi za nguvu ni habari nyingine. Mpasua magogo wa Mafinga, mvuna chai wa Mufindi anayeshuka na kapu mgongoni, mbeba viazi wa Uyole na lile gunia la lumbesa: usianze kabla ya siku ya 14, na hata hapo uonwe kwanza. Kisha anza kwa kazi nyepesi. Baiskeli, pikipiki na mpira wa miguu viache kama mwezi, hata kama wewe ndiye dereva wa bodaboda.

Kipimo cha "sina maumivu" hakifai, nimeshasema kilichonipata. Ngozi ya juu hushikana mapema, chini yake nyama bado ni laini. Mimi sasa humwambia mtu atumie macho: kama kuna sehemu inang'aa kwa unyevu, kuna gamba, au uzi haujatoka, bado ni mgonjwa hata kama anacheka.

Pombe iache angalau wiki ya kwanza. Kama ni msimu wa ulanzi, pole. Tatizo kubwa la ulanzi, komoni na kimpumu si tumboni. Ni kwamba ukishakunywa unasahau kwamba una kidonda. Sigara nayo inachelewesha kupona.

Wageni watakuja, maana huku mtu hawezi kulala siku mbili bila salamu ya "kamwene" mlangoni. Huwajibiki kueleza. "Nimefanyiwa upasuaji mdogo" inatosha, na shemeji yako akisisitiza, mpe chai.

Waliofanyiwa busha au vasektomi (kufunga uzazi kwa mwanaume)

Mengi ya juu yanakuhusu, ila kwa busha uvimbe wa korodani hukaa wiki kadhaa kabla ya kushuka, na watu hukata tamaa wakidhani maji yamerudi. Vaa chupi ya kushikilia mchana kutwa, lala na taulo iliyokunjwa chini ya korodani, usibebe mizigo mpaka daktari akuruhusu, kwa kawaida ni mwezi au zaidi. Ukiwekewa kimpira cha kutolea majimaji usikichomoe.

Vasektomi hupona haraka zaidi, na hapo ndipo mtego ulipo: mbegu zilizokuwa njiani bado zipo. Endeleeni na njia nyingine ya uzazi wa mpango miezi mitatu, kisha upimwe manii kuthibitisha. Wapo waliopata mtoto katika miezi hiyo na kumlaumu daktari, wengine wakamlaumu mke, ambayo ni mbaya zaidi.

Wiki ya sita

Siku 42 bila tendo la ndoa na bila kujichua. Sababu si nyuzi pekee. Kidonda ambacho hakijafunga ni mlango wa VVU kuingia kwako, na kama wewe unaishi na VVU, ni mlango wa kumfikia mwenzako. Majaribio makubwa yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatumia kutoa mwongozo wake mwaka 2007, yalionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Asilimia nyingine 40 haikuguswa, na kinga hiyo haihesabiwi mpaka upone. Kondomu zinabaki kabatini palepale, kwa matumizi.

Kabla ya kuanza, rudi uangaliwe. Kovu linatakiwa liwe limefunga mzunguko mzima, kavu, bila gamba. Mara ya kwanza nenda taratibu na utumie kondomu. Kikiuma au kikichanika, simama, subiri wiki nyingine.

Kwangu hesabu ilianza upya pale karakana, siku ya 16, ikaishia siku ya 58. Mke wangu alifuta duara la zamani kwenye kalenda akachora jipya, bila kusema neno. Ile milango sita ilimaliziwa na fundi wa jirani, nikamlipa nusu ya oda.